Kutumwa na Kutumikishwa: Historia ya Kazi ya Watoto katika Nchi ya Shaba ya Katanga

1. Utangulizi

Suala la kazi ya watoto katika nchi zinazoendelea limeandikwa sana, hasa tangu mwisho wa karne ya 20. Kwa kawaida waandishi hutaja sababu mbili. Baadhi yao husema kwamba chanzo ni umaskini. Wengine husema kwamba mila za Kiafrika humzoeza mtoto kazi tangu utotoni, hata mzazi asione ubaya wa kumpeleka mwanawe machimboni. Sababu hizo hurudiwa katika ripoti, katika mahubiri na hata katika kazi za kuhitimu za wanafunzi wetu, pasipo kuulizwa swali ambalo mwanahistoria hana budi kuliuliza: lini?

Maana ikiwa umaskini na mila vinatosha kueleza jambo hili, kwa nini watoto wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi hawakuonekana kwa maelfu machimboni mwaka 1975, ilhali mwaka 2005 walikuwamo? Familia ni zilezile, mila ni zilezile, na udongo wenye madini ni uleule. Jambo ambalo limebadilika katika muda wa kizazi kimoja haliwezi kuelezwa kwa jambo ambalo halikubadilika.

Katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuata historia ya eneo moja tunalolifahamu, yaani ukanda wa shaba wa Katanga, tangu nyakati za kabla ya ukoloni hadi leo. Tumelichagua eneo hili si kwa sababu kazi nyingi za watoto hufanyika machimboni. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2025 na Shirika la Kazi la Kimataifa pamoja na UNICEF yanaonyesha kwamba mwaka 2024 watoto wapatao milioni 138 walikuwa katika kazi zisizowafaa duniani, milioni 54 kati yao wakiwa katika kazi za hatari, na kwamba asilimia 61 ya watoto hao walikuwa katika kilimo, ufugaji na uvuvi. Karibu theluthi mbili yao, yaani milioni 87, walikuwa katika Afrika kusini ya Sahara. Hata hivyo Katanga ina faida moja kwa mtafiti: hapa mabadiliko yana tarehe, na tarehe hizo zinaweza kulinganishwa na hali ya mishahara na ya shule.

2. Maneno na maana zake

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa tuyatazame maneno, kwa kuwa lugha nayo ni ghala la kumbukumbu. Kiswahili sanifu hutumia neno «utumikishwaji» kwa kazi ya mtoto yenye kumdhuru. Neno hilo limejengwa juu ya mzizi wa kitenzi «kutuma». Kutokana na kutuma tunapata kutumika, kisha kutumikisha, na mwisho kutumikishwa. Mzizi huohuo umezaa pia mtume, mtumishi na mtumwa. Mtume ametumwa kwa heshima. Mtumwa naye, kwa asili ya neno, ni mtu aliyetumwa, lakini amekosa uwezo wa kukataa na amekosa mahali pa kurudi.

Katika Kiswahili cha Katanga, kitenzi «kutumika» kimechukua nafasi kubwa zaidi kuliko katika Kiswahili cha pwani: kwetu ndicho kitenzi cha kawaida cha kufanya kazi ya mshahara. Mtu husema anatumika mgodini, anatumika relini, anatumika kwa Mzungu. Maana hiyo haikuzaliwa kijijini pekee. Ilikomaa katika kambi za wafanyakazi, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi ya watu waliotoka Kasai, Lomami, Rwanda, Burundi na kwingineko.

Mtoto naye hutumwa. Katika jamii zetu mzee yeyote anaweza kumtuma mtoto wa jirani kuchota maji au kununua chumvi, na mtoto huenda. Lakini kutuma kuna masharti yake yasiyoandikwa. Anayetuma anajulikana. Mtoto akichelewa, atafuatwa, akiumia, atauguzwa, akirudi, atapewa chakula. Kwa hiyo aliyemtuma mtoto anawajibika kwake mpaka arudi. Anayemtumikisha hubakiwa na faida, lakini wajibu huo hana. Hoja yetu ni kwamba historia ya kazi ya watoto katika Katanga ni historia ya wajibu huo: ni nani aliyeushika, ni nani aliyeutupa, na ni lini.

3. Wakati wa wakula shaba

Uchimbaji wa shaba katika eneo letu ulianza karne nyingi kabla ya kufika kwa Wazungu. Misalaba midogo ya shaba iliyofukuliwa na wanaakiolojia katika bonde la Upemba inathibitisha jambo hilo. Katika karne ya 19 kazi hiyo ilijulikana hasa miongoni mwa Wasanga, na baadaye chini ya utawala wa Wayeke wa Msiri, aliyetoka upande wa magharibi wa Tanzania ya leo na kuifanya Bunkeya kuwa mji wake mkuu hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Mmisionari Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Katanga, aliandika mwaka 1926 juu ya mafundi hao waliojulikana kwa jina la «wakula shaba».

Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno ya mtama. Kijiji kizima kilihamia karibu na chimbo. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota na kuchambua mawe ya malakiti yaliyokuwa juu ya ardhi, mafundi walijenga tanuri na kuyeyusha. Mvua zilipokaribia, watu walirudi mashambani. Hivyo hatuwezi kudai kwamba mtoto wa Katanga hakuwahi kugusa jiwe la shaba kabla ya siku zetu. Aliligusa. Ila alikuwa pamoja na mama yake, kwa majira yenye mwisho, juu ya ardhi na si chini yake, na kazi hiyo ilikuwa ndiyo shule ya ufundi wa ukoo wake.

Hata hivyo tusiipambe picha hii kupita kiasi. Bunkeya iliuza shaba, pembe za ndovu na pia watu. Watoto waliotekwa vitani waliingia katika misafara ya kwenda Angola na pwani ya mashariki. Kwa hao, uhusiano wa kutumwa na kurudi ulikuwa umekwisha kukatwa, na ndiyo maana lugha iliwaita watumwa. Njia zote mbili, ya mtoto anayejifunza kwa wazazi wake na ya mtoto aliyeng'olewa kwao, zilikuwapo kabla ya ukoloni. Ukoloni ulipofika ulichagua ya pili na kuipa sheria.

4. Sheria mbili za nchi mbili

Tarehe 13 Desemba 1889, nchi ya Ubelgiji ilitunga sheria iliyokataza kuwaajiri viwandani watoto walio chini ya umri wa miaka 12. Uingereza ilikuwa imetangulia: sheria yake ya viwanda ilitoka mwaka 1833, na ile ya mwaka 1842 iliwaondoa chini ya ardhi wanawake, wasichana na wavulana walio chini ya miaka 10. Ulaya nzima ilikuwa imeanza kukubali kwamba mtoto hapaswi kuwa chombo cha kiwanda.

Miezi saba baadaye, tarehe 12 Julai 1890, mfalme yuleyule, Léopold II, alitoa amri nyingine kwa ajili ya Dola Huru la Kongo. Kwa amri hiyo serikali ilijifanya mlezi wa watoto waliokombolewa kutoka misafara ya watumwa, pamoja na yatima na watoto waliotupwa. Walipaswa kukusanywa katika makoloni ya watoto, na hadi kutimiza umri wa miaka 25 walilazimika kufanya kazi watakazopangiwa na Gavana Mkuu, kama malipo ya chakula, malazi na matibabu yao. Wengi wa wavulana hao walikusudiwa kuwa askari. Mwaka 1892 mashirika ya dini nayo yalipewa haki ya kuwapokea watoto wa namna hiyo.

Tume ya Uchunguzi iliyotumwa Kongo mwaka 1904, na ambayo taarifa yake ilichapishwa mwaka 1905, iligundua kwamba watoto wengi waliowekwa katika mashamba ya misheni za Bas-Congo hawakuwa yatima hata kidogo. Walikuwa na wazazi au ndugu, lakini sheria iliwahesabu kuwa watoto wasio na mwenyewe. Hapa ndipo tunapoona siri ya utaratibu mzima. Ili kumtumikisha mtoto, kwanza ilibidi atangazwe kuwa hana kwao. Sheria ya 1889 ilimtambua mtoto wa Ubelgiji kuwa mwana wa mtu. Amri ya 1890 ilimtambua mtoto wa Kongo kuwa mali isiyo na mwenyewe.

Kuhusu elimu pia tofauti ilikuwa hiyohiyo. Ubelgiji iliifanya shule kuwa ya lazima kwa sheria ya tarehe 19 Mei 1914. Katika Kongo ya Wabelgiji lilichokuwa lazima ni jambo jingine. Sheria ya tarehe 20 Februari 1917 iliruhusu kuwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyoamriwa na serikali, hasa pamba. Aliyeandikwa katika daftari la serikali alikuwa mwanamume mzima, lakini shamba la pamba halikuvunwa na mtu mmoja. Mkewe na watoto wake walivuna pamoja naye, bila kuandikwa popote na bila kulipwa. Kazi hiyo ya watoto isiyo na daftari ndiyo inayomsumbua mtafiti hata leo, maana katika nyaraka haionekani.

5. Kambi, posho na shule

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi, ukaanzishwa mwaka 1910. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya vifo vingi makambini na ya wafanyakazi waliokuja kwa muda mfupi na kukimbia. Karibu na mwaka 1928 kampuni iliamua kubadili siasa yake: mfanyakazi aje na mkewe, asaini mkataba wa miaka mitatu, akae. Posho ilitolewa kwa mume, kwa mke na kwa watoto. Zahanati za wazazi zilijengwa, na shule za makambini zikakabidhiwa kwa wamisionari.

Mtoto wa kambi hakupelekwa chini ya ardhi. Alipimwa uzito, akachanjwa, akapelekwa shuleni. Je, kampuni ilikuwa na huruma? Tusidanganyike. Kampuni ileile iliwaona wafanyakazi wake wakipigwa risasi mjini Élisabethville mwezi Desemba 1941 walipogoma kudai nyongeza ya mshahara. Hesabu yake ilikuwa wazi: mtoto aliyelishwa na kusomeshwa leo atakuwa fundi wa kesho, naye atagharimu kidogo kuliko mtu wa kutafutwa mbali. Hata hivyo, kwa sababu zake yenyewe, kampuni iliushika ule wajibu tuliousema. Wafanyakazi waliiita baba na mama, na msemo huo, pamoja na uchungu wake wote, ulikuwa na ukweli ndani yake.

Nje ya kambi mambo yalikuwa mengine. Katika nyumba za Wazungu mtumishi wa ndani aliitwa «boyi», awe na miaka 12 au 50. Neno hilo limetokana na jina la Kiingereza la mvulana, na matumizi yake yanatufundisha jambo. Mtu mzima aliitwa mtoto ili alipwe kama mtoto, na mtoto halisi aliyekuwa jikoni hakuonekana tena, kwa kuwa jina lake lilikuwa limekwisha kutolewa kwa wote. Vijijini nako pamba iliendelea.

Baada ya uhuru, kampuni ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Utaratibu wa kambi, posho na shule uliendelea. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Familia za wafanyakazi hazikuwa tajiri, na mila zao hazikuwa zimebadilika: watoto walitumwa, walilea wadogo zao, walisaidia mashambani wakati wa likizo. Lakini mgodi haukuwa mahali pa mtoto. Hoja ya mila inakwama hapa: mila ileile iliyodaiwa kumpeleka mtoto machimboni ilimruhusu kwenda shuleni kwa miaka zaidi ya 50, wakati mshahara wa baba ulipotosha na mlango wa shule ulipokuwa wazi.

6. Kuanguka

Sehemu ya historia inayofuata inafahamika kwa wasomaji wengi wa jarida hili, nasi tutaipitia kwa tarehe tu. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwezi Septemba 1991 uporaji uliharibu viwanda na maduka ya nchi nzima. Mwaka 1992 na 1993 wafanyakazi wengi wenye asili ya Kasai, wakiwamo mafundi na walimu, walifukuzwa Katanga pamoja na familia zao. Mwaka 1994 shaba ya Gécamines ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ilimezwa na mfumuko wa bei, kisha ikaacha kulipwa kwa miezi mingi.

Shule zilianguka pamoja na mgodi. Serikali ilipoacha kuwalipa walimu ipasavyo, ilikubaliwa tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kwamba wazazi ndio watakaowalipa. Mpango huo uliziokoa shule zisifungwe, nalo si jambo dogo. Lakini ulimgeuza mtoto kuwa gharama katika nyumba ambayo baba hakuwa na mshahara. Kwa hiyo katika muda wa miaka isiyozidi mitano nguzo zote mbili zilizokuwa zikimweka mtoto mbali na chimbo, yaani mshahara wa mzazi na shule ya bure au ya bei nafuu, zilivunjika kwa pamoja.

Vita navyo vilichukua sehemu yake. Katika vita vya 1996 na 1997 watoto waliingizwa jeshini kwa wingi, na umma ukawaita «kadogo». Kiambishi «ka-» katika Kiswahili cha Kongo hubeba udogo na pia upendo. Mama humwita mwanawe hivyo. Jina la upendo liliwekwa juu ya bunduki. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mkataba wake nambari 182 wa mwaka 1999, liliiweka kazi ya namna hiyo kati ya aina mbaya kuliko zote za utumikishwaji, na mwezi Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu yake ya kwanza dhidi ya Thomas Lubanga kwa kosa la kuwaingiza watoto katika jeshi lake huko Ituri.

Machimboni, wimbi lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati uchimbaji wa mikono uliporuhusiwa katika Katanga. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilitoa kadi ya mchimbaji kwa watu wazima tu. Mwaka uliofuata, wafanyakazi wapatao 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Walipewa fedha kwa mkupuo, nazo mara nyingi hazikufikia madai yao. Wakati huohuo dunia ilianza kuhitaji kobalti kwa ajili ya betri za simu na kompyuta, na baadaye za magari ya umeme. Fundi aliyepoteza mshahara aliona madini yakinunuliwa kwa gunia karibu na nyumba yake. Yeye alichimba, mkewe aliosha, watoto waliokota na kuchambua.

Mtu anaweza kusema kwamba hali hiyo inafanana na ile ya wakula shaba. Kwa macho inafanana. Lakini majira hayapo tena, kwani kazi ni ya mwaka mzima. Ufundi wa kuyeyusha haupo tena, kwani mawe huuzwa ghafi. Na mwisho wa safari ya jiwe hauko tena kijijini. Mtoto huuza kwa mnunuzi mwenye depo, naye mnunuzi ndiye mwenye chombo cha kupimia asilimia ya madini, ambacho mtoto hana njia ya kukihakiki. Depo huuzia kampuni, kampuni husafirisha ng'ambo. Kila mmoja katika mlolongo huo ananufaika na mtoto, na hakuna hata mmoja aliyemtuma. Mwaka 2014, UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Mwaka huohuo kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, na mashimo yakachimbwa uani na hata ndani ya vyumba.

7. Matokeo

Tokeo la kwanza ni la mwili. Ripoti iliyochapishwa na Amnesty International na Afrewatch mwezi Januari 2016 ilieleza habari za watoto waliofanya kazi hadi saa 12 kwa siku, wakibeba magunia ya kilo 20 hadi 40, kwa malipo ya faranga 1,000 hadi 2,000. Mashimo huporomoka, hewa hukosekana, vumbi huingia mapafuni. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji walionyesha kwamba wakazi wa Kasulo, na hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi mno katika mkojo na damu, na kwamba kwa watoto hao kulikuwa na dalili za madhara katika chembe zenye kubeba urithi. Ikumbukwe kwamba baadhi yao hawakuwa wachimbaji. Waliishi tu mahali hapo.

Tokeo la pili ni la shule, nalo ni tata kuliko linavyoandikwa kwa kawaida. Watoto wengi hawakuacha shule ili wachimbe. Walichimba ili walipe shule. Walifanya kazi asubuhi na kusoma mchana, au siku za mapumziko na za likizo. Mtoto wa namna hiyo hufika darasani amechoka, hurudia darasa, karo huongezeka, na siku moja hesabu hushindikana. Kumkuta na kumlaumu mzazi wake kwamba hapendi elimu ni kusema kinyume cha ukweli.

Tokeo la tatu ni la soko la kazi lenyewe. Mtoto anayekubali malipo madogo humshusha bei mtu mzima aliye karibu naye, pengine baba yake mwenyewe. Baba aliyeshushwa bei hushindwa kulipa karo, na mdogo wa mtoto yule hufuata njia ileile. Kwa hiyo umaskini ni sababu ya kazi ya watoto na pia ni matunda yake.

Tokeo la nne halihesabiki kwa takwimu, lakini ndilo linalozungumzwa zaidi katika familia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika mwaka 2001 kitabu juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni, na pia ni mzazi aliyepoteza mamlaka pamoja na mshahara. Mtoto anayeleta unga nyumbani hawezi kutumwa tena kwa namna ileile. Baba husita kumkanya. Mama hupokea fedha bila kuuliza zimetoka wapi. Methali yetu husema samaki mkunje angali mbichi, nayo hutajwa mara nyingi kutetea kazi ya watoto. Lakini methali hiyo inadai kwamba yuko mtu mzima mwenye mikono ya kukunja. Machimboni anayemkunja mtoto ni bei ya kobalti.

8. Hitimisho

Historia tuliyoifuata inaonyesha kwamba mila haiwezi kuwa sababu, kwa kuwa ilidumu huku hali ya watoto ikibadilika mara kadhaa. Umaskini ni sababu, lakini nao haukushuka kutoka mbinguni. Una tarehe zake, na una maamuzi yaliyouleta: kuvunjika kwa mishahara, kuhamishiwa kwa gharama za shule mabegani mwa wazazi, kuachishwa kazi kwa maelfu ya watu bila kazi nyingine, na soko linalonunua jiwe pasipo kuuliza ni nani aliyeliokota.

Sheria hazikosekani. Nchi yetu ilithibitisha mkataba nambari 138 kuhusu umri wa chini wa kufanya kazi na ule nambari 182 mwaka 2001. Ilitunga sheria ya kumlinda mtoto tarehe 10 Januari 2009, na ikarekebisha sheria ya madini mwaka 2018. Lakini kama tulivyoona, kadi ya mchimbaji ilikuwa ya watu wazima tu tangu 2002, na miaka iliyofuata ndiyo iliyowaleta watoto kwa wingi. Kuzungushia chimbo ukuta, kama ilivyofanyika Kasulo mwaka 2017, humwondoa mtoto mahali pale. Hakumwondolei sababu iliyompeleka, naye huonekana kwenye chimbo jingine.

Hatua iliyogusa mzizi ni ile ya Septemba 2019, wakati elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza. Madarasa yalijaa mara moja, jambo linaloonyesha kile ambacho wazazi walikuwa wakikitaka siku zote. Lakini madarasa yaliyojaa kupita kiasi, pamoja na walimu wasio katika orodha ya mishahara, huweza kuirudisha karo kwa mlango wa nyuma. Mwalimu asiyelipwa ni mwanzo wa safari ya mtoto kwenda machimboni. Historia ya miaka ya 1990 inatosha kulithibitisha hilo. Vivyo hivyo bei ya haki kwa mchimbaji mtu mzima, yenye mizani anayoweza kuihakiki, ingewatoa watoto wengi kuliko askari polisi wanavyoweza.

Duniani kote idadi ya watoto wanaotumikishwa imeshuka kutoka milioni 246 mwaka 2000 hadi 138 mwaka 2024. Lengo la kuikomesha kazi hiyo kabla ya kwisha kwa mwaka 2025 halikufikiwa, lakini takwimu hizo zinakanusha wazo kwamba ni hali ya kudumu ya nchi maskini.

Kwa upande wetu sisi tulio katika masomo ya Kiswahili, kuna kazi ambayo hakuna mwingine atakayetufanyia. Maneno ya machimboni, ya depo na ya mitaa ya wachimbaji yanazaliwa na kufa kila mwaka, na watoto ndio waundaji wake wakubwa. Wanafunzi wetu wengi wanatoka katika familia hizo na wanayajua maneno hayo bila kufundishwa. Yakusanywe pamoja na maelezo ya wale wanaoyasema, kwa ridhaa yao na bila kutaja majina yao. Watoto wa pamba wa mwaka 1917 hawakuandikwa katika daftari lolote, na leo hatuwezi tena kuwasikia. Watoto wa kobalti wako karibu nasi, na lugha wanayoisema ndiyo tunayoifundisha.